Dubwana Hili Linakula Nini?

Mwaka 1979 filamu ya Alien, iliyoongozwa na Ridley Scott, iliwakalisha watazamaji mezani pamoja na wafanyakazi wa Nostromo, meli ya mizigo ya angani. Mmoja wao, Kane, ndiyo kwanza amezinduka baada ya kiumbe fulani kumng'ang'ania usoni. Anaonekana mzima, anakula kwa hamu, anataniana na wenzake. Ghafla anakohoa, anaanguka chali juu ya meza, kifua kinapasuka na kinachomoza kichwa chenye meno. Saa chache baadaye kile kijidudu kimekuwa dubwana refu kuliko mtu yeyote ndani ya meli. Umbo lake lilibuniwa na msanii wa Uswisi, H. R. Giger, na aliyelivaa ni Bolaji Badejo, kijana wa Kinigeria aliyekuwa akisomea sanaa London, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili.

Tangu hapo madubwana mengi ya anga za mbali yamepimwa kwa lile. Mimi nalipima kwa swali jingine: mnyama wa namna hii angeweza kuishi? Siulizi ili kuwaharibia watu starehe. Watoto wetu wengi hukutana na habari za vimelea, mageuko na uhai wa sayari nyingine kwenye skrini kabla ya kukutana nazo darasani, na kilichoingia kwa hofu hakitoki kirahisi. Kwa hiyo nimewaumba wasemaji watatu: mwalimu wa biolojia wa sekondari aliyekaribia kustaafu, daktari wa mifugo, mwanamke aliyezoea kupasua mizoga kutafuta chanzo cha kifo, na mtunzi wa miswada ya filamu, mdogo wao wote, anayelipenda dubwana hili na hataki lionewe. Hoja mezani ni kwamba madubwana ya sinema za anga hayawezekani kibiolojia. Mwalimu anaunga mkono, Mtunzi anapinga, Daktari nimemwacha huru. Nikishindwa kunyamaza nitaingia mwenyewe.

MTUNZI: Naomba nianze, maana Mwalimu akishika chaki haiachi. Watu wanasema mnyama anayekulia ndani ya mwili wa mwingine, akamla mwenyeji wake na kutoka kwa kumpasua, ni uzushi wa Hollywood. Si uzushi. Yupo nyigu wa kijani king'aacho, mapaja mekundu, anayepatikana Afrika na Asia ya Kusini. Jina lake la kisayansi ni Ampulex compressa, na windo lake ni mende. Humchoma mara mbili. Sindano ya kwanza huingia kifuani, miguu ya mbele ikapooza kwa muda. Ya pili huingia kichwani, ndani ya ubongo. Baada ya hiyo ya pili mende hajapooza. Anaweza kutembea, ila ile nia ya kuanza kutembea imeondoka. Nyigu anamkata vipapasio, anashika kipande kilichobaki na kumvuta taratibu mpaka shimoni, na mende anafuata kwa miguu yake mwenyewe. Huko anamtagia yai moja mguuni, anaziba mlango kwa vijiwe na kuondoka. Buu akianguliwa humnyonya mende kwa nje siku chache, kisha huingia ndani na kula viungo kwa mpangilio unaomwacha hai muda mrefu iwezekanavyo. Mwishowe nyigu mpya hutoka kwenye gamba la mende. Sasa niambieni, Alien ilibuni nini ambacho nyigu huyu hakuwa amekifanya?

MWALIMU: Hakuna, kijana wangu, na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia. Darwin mwenyewe alimwandikia mwenzake Asa Gray mwaka 1860 kwamba hawezi kuamini kuwa Mungu mwema angewaumba kwa makusudi nyigu ambao watoto wao hula viwavi walio hai. Sibishanii ukatili. Ninachouliza ni hiki: nyigu wako amejuaje kumfanyia mende yote hayo? Anajua ubongo uko wapi. Sumu yake inagusa mishipa ile ya fahamu na kuiacha hii. Ujuzi huo ni zao la mamilioni ya miaka, mababu wa nyigu wakiwafuata mababu wa mende kizazi kwa kizazi, na wasioweza wakifa bila watoto. Dubwana la Alien limekaa ndani ya yai kwenye sayari ambayo hakuna mwanadamu aliyewahi kuikanyaga. Mtu anainama kuchungulia, na papo hapo linajua uso uko wapi, koo linaelekea wapi, na kwamba kifua cha mtu kitafaa kulea mtoto wake. Lilijifunzia kwa nani?

MTUNZI: Huenda halichagui. Huenda linafaa ndani ya mnyama yeyote anayepita.

DAKTARI: Mdogo wangu, hapo nakukatalia. Twende kwenye shamba la mahindi. Unawajua funza wa mabua, viwavi wanaotoboa shina mpaka mmea unaanguka? Mmoja wao, Chilo partellus, alitufikia kutoka Asia. Watafiti wa icipe, kituo cha sayansi ya wadudu chenye makao yake Nairobi, walimwendea adui yake hukohuko Asia, nyigu mdogo aitwaye Cotesia flavipes, wakamwachia pwani ya Kenya mwaka 1993. Hutaga ndani ya kiwavi, na mabuu yake humla kwa ndani. Ndiyo filamu yako hiyo, inachezwa ndani ya bua la hindi. Lakini nyigu huyu ana ndugu yake wa asili ya Afrika, Cotesia sesamiae, na kwake lilionekana jambo ambalo ningependa kila mtunzi wa filamu alijue. Wale wa Kitale wanakua vizuri ndani ya funza mwingine wa mabua, Busseola fusca. Wale wa Mombasa, spishi ileile, hawawezi. Wanataga, sawa, lakini chembe za kinga katika damu ya kiwavi zinalizunguka yai, zinaligandia tabaka juu ya tabaka, na yai linafia mumo humo.

MWALIMU: Mombasa na Kitale.

DAKTARI: Mombasa na Kitale. Nchi moja, nyigu mmoja, viwavi wanaokula mahindi yaleyale. Na siri ya wale wanaofaulu inashangaza kuliko dubwana lolote. Pamoja na mayai, nyigu hawa humdunga kiwavi chembe za virusi zinazolemaza kinga yake. Virusi hivyo si maambukizi waliyoyapata njiani. Vimeandikwa ndani ya vinasaba vya nyigu wenyewe, tangu mababu zao walipoviteka yapata miaka milioni 100 iliyopita. Kukaa ndani ya mwili wa mwingine bila kuuawa ni kazi ngumu sana, na inafanywa na anayemjua mwenyeji wake kuliko mwenyeji anavyojijua.

Niseme wazi kwamba kwangu mimi hoja iligeuka hapa. Nilidhani tatizo la dubwana la Giger ni meno, au damu, au mkia. Kumbe sehemu yake inayotisha kuliko zote, ile ya kuzaliwa ndani ya mtu, ndiyo inayodai ukaribu mkubwa kuliko wote. Anayeweza kuzaa ndani yangu lazima mababu zake wawe wameishi na mababu zangu.

MTUNZI: Waandishi waliliona hilo. Mwaka 2012 Scott alirudi na Prometheus, akatuonyesha viumbe wanaofanana nasi mpaka kwenye vinasaba, ambao ndio chanzo chetu, na kemikali nyeusi waliyoitengeneza. Madubwana yanatoka kwenye kemikali hiyo. Basi ukaribu upo.

MWALIMU: Basi filamu imeungana na upande wangu. Imekiri kwamba mnyama huyu hakutokana na mageuko ya sayari nyingine; alitengenezwa kwenye maabara ya watu waliotujua. Hiyo ni silaha. Mimi nabishania mnyama.

DAKTARI: Mwalimu, usishangilie bado. Umesema kimelea lazima awe na historia ndefu na mwenyeji wake. Mimi kazini nakutana na kinyume chake. Ndigana kali husababishwa na kijidudu kiitwacho Theileria parva, kinachobebwa na kupe. Kikimwingia ng'ombe kinaziingia chembe nyeupe za damu, na hakiziui. Kinaziamuru zigawanyike, nazo zinagawanyika bila kikomo, mfano wa saratani, na kila zinapogawanyika kijidudu nacho kinagawanyika humo ndani. Unashika tezi chini ya sikio la ng'ombe unakuta limevimba, homa iko juu, na siku za mwisho anatoka povu puani kwa sababu mapafu yamejaa maji. Nimesimama na wafugaji wakiangalia hilo povu, na sijaona sinema iliyonitia baridi kama ile. Sasa sikiliza. Kijidudu hichohicho kinakaa ndani ya nyati, na nyati kwa kawaida hana habari. Nyati ni mwenyeji wa zamani, walishazoeana. Ng'ombe ni mgeni, na ndiye anayekufa. Kwa hiyo ugeni wenyewe unaweza kuua.

MWALIMU: Ng'ombe na nyati ni jamaa wa karibu, Daktari.

DAKTARI: Ndiyo. Jamaa wa karibu mno.

MWALIMU: Basi tumekubaliana bila kutaka. Hatari inavuka kutoka kwa ndugu kwenda kwa ndugu. Popo na mtu, sokwe na mtu, nyati na ng'ombe: wote tuna babu mmoja, na milango ya chembe zetu imejengwa kwa mtindo mmoja, ndiyo maana ufunguo wa mmoja unajaribika kwa mwingine. Kiumbe wa nyota nyingine hana undugu na hata bakteria mmoja wa hapa.

MTUNZI: Sawa, tuachane na kuzaliwa. Tulijadili limeshakuwa kubwa. Lile taya la ndani, linalochomoka mdomoni kama mkono, mlilicheka. Wavuvi wa pwani wanamjua mkunga, yule samaki mwenye mwili wa nyoka anayejificha kwenye mapango ya matumbawe. Mwaka 2007 Rita Mehta na Peter Wainwright walichapisha kwenye jarida la Nature jinsi anavyomeza: taya la kwanza linauma, kisha seti ya pili ya mataya inasogea mbele kutoka kooni, inalinasa windo na kulivuta ndani. Hiyo ni miaka 28 baada ya filamu.

MWALIMU: Hilo nalikubali bila masharti. Na damu ya asidi?

MTUNZI: Kuna mende wa ardhini anayechanganya kemikali kwenye chumba mwilini mwake na kumrushia adui mvuke wa karibu nyuzi joto 100. Kuna vijidudu vinavyoishi kwenye asidi kali sana.

MWALIMU: Kuishi ndani ya asidi kunawezekana. Kutoboa sakafu ya meli kwa matone yake ndiko kusikowezekana. Asidi ikila chuma, yenyewe inatumika. Lita nzima ya asidi ya salfuriki iliyokolea, hata ukiiongezea maji ili ifanye kazi vizuri, itayeyusha karibu kilo moja ya chuma tu, halafu imekwisha nguvu. Kijiko cha damu kingeishia kwenye misumari michache. Filamu inatuonyesha damu kidogo ikishuka ghorofa baada ya ghorofa.

DAKTARI: Mimi asidi nimeisamehe. Nisichokisamehe ni uzito. Kifaranga wa kuku wa nyama hutoka kwenye yai akiwa na gramu 40 hivi. Afike kilo mbili anahitaji wiki tano hadi sita na zaidi ya kilo tatu za chakula, na huyo ni ndege ambaye wafugaji wamemchagua miaka na miaka kwa sifa ya kukua haraka. Dubwana la Nostromo limetoka kifuani dogo kama paka. Baada ya saa chache lina uzito wa mtu mzima. Kati ya hapo hatukuonyeshwa stoo iliyovunjwa, wala mtu aliyeliwa, wala kinyesi. Tulionyeshwa ngozi liliyoivua. Huo mwili limeutoa wapi?

MTUNZI: Kuna viwavi wanaoongeza uzito mara 10,000.

DAKTARI: Kwa wiki tatu hivi, wakitafuna majani usiku na mchana. Mpe dubwana lako wiki tatu na ghala la chakula, nitanyamaza.

Naungana na Daktari kabisa. Hili ni kosa ambalo lingerekebishwa kwa tukio fupi tu: mpishi afungue stoo akute magunia yametobolewa na chakula cha mwaka kimekwisha. Tena lingetisha zaidi, kwa sababu mtazamaji angepiga hesabu mwenyewe ya ukubwa wa kitu kilichokula vyote vile. Biolojia haimnyimi mtunzi hofu. Inampa hofu yenye hesabu ndani yake.

Suala la wadudu wakubwa kuliko magari, mfano wa wale wa Starship Troopers ya mwaka 1997, walilimaliza upesi. Mwalimu alimtaja Galileo, aliyeeleza mwaka 1638 kwamba mnyama akirefuka mara mbili kwa kila upande, uzito wake unapanda mara nane ilhali eneo la mkato wa mifupa na misuli inayoubeba linapanda mara nne tu. Alimtaja pia kaa anayepanda minazi, anayelindwa kisiwani Chumbe, Zanzibar: ndiye mkubwa kuliko wote wenye gamba na miguu ya maungio wanaoishi nchi kavu leo, na mwisho wake ni kilo nne hivi. Mtunzi alimkumbusha kwamba yapata miaka milioni 300 iliyopita, hewa ikiwa na oksijeni nyingi zaidi, waliruka wadudu wa jamii ya kerengende wenye mabawa ya karibu sentimita 70 toka ncha hadi ncha. Sayari yenye hewa nzito na uvutano mdogo ingewaruhusu wakubwa zaidi. Mwalimu alikubali, kwa sharti kwamba mdudu huyo akiletwa duniani asiweze kusimama. Hilo lilipita.

MTUNZI: Mwalimu, kila ninachokuletea unakikataa. Nipe basi njia. Dubwana la kuaminika linatengenezwaje?

MWALIMU: Njia ipo, na imewahi kujaribiwa. Miaka ya 1970 mwanabiolojia wa Marekani, Richard Alexander, alijiuliza kwa nini mchwa na nyuki wana malkia mmoja anayezaa na umati usiozaa, ilhali hakuna mnyama mwenye uti wa mgongo anayejulikana kuishi hivyo. Akambuni. Hakuanza na meno wala sura. Alianza na mahali. Akasema mnyama huyo akiwepo ataishi chini ya ardhi, ndani ya ngome anayoweza kuipanua jamii inapokua. Chakula chake kitakuwa mizizi minene ya mimea, inayotosha wengi bila kutoka nje. Udongo utakuwa mgumu, nchi ya joto yenye majira ya mvua na kiangazi, na akaitaja Afrika. Alipoyasema hayo katika mhadhara, msikilizaji mmoja akamwambia kwamba mnyama wake yupo: ni fuko asiye na manyoya wa Kenya, Ethiopia na Somalia. Jennifer Jarvis alikuwa amekwisha kuwachunguza mafuko hao kwa miaka, na mwaka 1981 alichapisha uthibitisho. Malkia mmoja, madume wachache, wengine wote ni wachimbaji na walinzi.

DAKTARI: Miaka mitano kabla ya Aliens ya James Cameron kutuletea malkia wa madubwana.

MWALIMU: Cameron aliweka malkia. Alexander aliweka sababu ya malkia. Hiyo ndiyo tofauti ninayoilalamikia miaka yote. Mnyama ni jibu la mahali fulani. Ukinionyesha jibu bila mahali, sina la kusahihisha.

Nilipoandika maneno hayo ya Mwalimu nilisita, maana nayaamini kupita kiasi na sitaki ashinde kwa upendeleo. Lakini kisa cha fuko kinastahili kukaliwa. Mtu alikaa akafikiri juu ya udongo, mvua na viazi vya porini, akamchora mnyama ambaye hajawahi kumwona, na mnyama huyo alikuwa akichimba ardhini Kenya wakati uleule. Sijui ushahidi mzuri kuliko huu kwamba ubunifu na biolojia ni kazi moja.

MTUNZI: Kwa kipimo hicho, Dune inapita. Frank Herbert katika riwaya yake ya mwaka 1965 aliweka jangwa kwanza, kisha vijidudu vya mchangani, kisha mnyoo mkubwa anayekula humo, na mnyoo huyo ndiye anayeifanya sayari iwe jangwa.

MWALIMU: Inapita kwa alama nzuri. Herbert alijua kuwa anayekula juu kabisa lazima awe na wengi chini yake. Serengeti ina simba kama 3,000, na chini yao nyumbu zaidi ya milioni moja, pundamilia, swala, na chini ya hao wote majani yasiyohesabika. Alien inatuonyesha mwamba mtupu na mamia ya mayai ya mla nyama. A Quiet Place ya mwaka 2018 inatuonyesha madubwana vipofu yanayowinda kwa masikio. Hilo la upofu linanipendeza, linanieleza kwamba yametoka kwenye giza. Ila yanaua kila kinachotoa sauti na siyaoni yakila. Simba akishiba hulala.

DAKTARI: Sasa mniruhusu niwasumbue wote wawili. Tumekubaliana kwamba dubwana kubwa halituwezi kwa sababu halitujui. Lakini vipi kuhusu kisichohitaji kutujua? H. G. Wells katika The War of the Worlds, mwaka 1898, aliwaua wavamizi wa Mirihi kwa bakteria wetu. Mwalimu atasema bakteria wetu hawakuwa na undugu nao.

MWALIMU: Ndivyo nitakavyosema.

DAKTARI: Mwaka 2016 watafiti wa Japani walimtangaza bakteria aliyepatikana kwenye kiwanda cha kuchakata plastiki, anayekula plastiki ya chupa za maji. Plastiki hiyo haikuwepo duniani kabla ya karne iliyopita. Hapakuwa na undugu wala historia ndefu. Kilichohitajika ni kemikali yenye nishati ndani yake na kijidudu mwenye njaa. Kimelea ni fundi wa mwenyeji mmoja; mwozeshaji hula chochote. Mwili wa mtu wa Mirihi ni maji, chumvi na kaboni. Wells hakukosea sana.

MWALIMU: Lakini hata molekuli za kaboni zina mkono wa kulia na wa kushoto. Asidi amino zinazojenga protini za viumbe wote wa hapa ni za mkono wa kushoto. Kiumbe aliyejengwa kwa za kulia, vimeng'enya vyetu havimshiki, vyake havitushiki. Tutapishana bila kuguswa.

DAKTARI: Nilikuwa nakungoja hapo. Mwezi Desemba 2024 wanasayansi 38 waliandika kwenye jarida la Science wakionya juu ya jambo hilohilo. Kuna waliokuwa wakifikiria kutengeneza maabara bakteria wa kioo, mwenye asidi amino za upande mwingine. Hawa 38, baadhi yao wenyewe walikuwa na ndoto hiyo, wakasema tusimtengeneze. Kwa sababu gani? Kinga ya mwili humtambua adui kwa umbo. Umbo likigeuzwa, kinga haioni kitu. Virusi vinavyowinda bakteria havimshiki. Viumbe wadogo wa baharini wanaokula bakteria hawawezi kummeng'enya. Mwalimu, umejenga hoja yako yote juu ya kutotambuana, ukadhani ni ukuta unaotulinda. Ukuta huohuo unamlinda na yeye.

MWALIMU: Lakini atakula nini? Sukari yetu nayo ni ya upande mmoja.

DAKTARI: Zipo kemikali zisizo na upande, bakteria anaweza kuanzia hapo. Au asile vyetu kabisa. Anayetumia mwanga wa jua, kaboni dioksidi na chumvi za bahari hahitaji kitu kutoka kwetu.

Mwalimu alinyamaza, nami kwa haki ya mjadala nikaandika kwamba alinyamaza. Hoja niliyoiweka mezani imesimama kwa kila chenye meno. Kwa kisichoonekana kwa macho, imetikisika.

MTUNZI: Na wanaorusha vyombo angani wanayajua haya?

MWALIMU: Wanayajua, na zaidi wanaogopa kwamba wachafuzi ni sisi. Vyombo vya Viking vilivyotua Mirihi mwaka 1976 viliokwa kwanza ili vijidudu vya duniani vife. Chombo cha Galileo kilitumbukizwa kwa makusudi kwenye sayari ya Mshtarii mwaka 2003, kisije kikaangukia mwezi wake wa Europa wenye bahari chini ya barafu. Cassini nayo iliteketezwa ndani ya Zohali mwaka 2017, kwa kuihofia miezi yake, Enceladus na Titan.

DAKTARI: Kwenda tunajitahidi. Kurudi ndiko kunakonitia shaka. Mwaka 1969 wanaanga wa Apollo 11 waliwekwa karantini ya siku 21, wasije wakawa wameleta kitu kutoka mwezini. Karantini naisimamia mimi, ya ng'ombe na mbuzi, na najua inavyovuja. Chombo chao kilitua Bahari ya Pasifiki, kikatoa hewa ya ndani, mlango ukafunguliwa hapohapo juu ya maji, ndipo wakapelekwa kwenye chumba kilichofungwa. Wangekuwa mifugo wangu nisingetia sahihi.

MWALIMU: Mwezini hakukuwa na uhai.

DAKTARI: Hilo walilijua baada ya kufungua mlango.

MTUNZI: Ngojeni, ngojeni. Hapo pana mswada. Chombo kinarudi kutoka mbali zaidi ya mwezi, kinatua baharini, mlango unafunguliwa, watu wanapiga makofi. Kitu kimeshaingia majini. Hakina macho wala meno. Kinakula mwanga. Miaka mitatu inapita kabla wavuvi hawajaanza kuona kwamba maji yamebadilika rangi na dagaa hawapandi tena juu usiku.

MWALIMU: Kinakula mwanga, sawa. Sasa niandikie ukurasa mmoja tu kuhusu nani anayekila chenyewe.

MTUNZI: Hakuna anayekila, Mwalimu. Hiyo ndiyo filamu.